Shemeji Hajambo? Maneno kuhusu marafiki wa kike na wa kiume ndani ya ndoa

Assalaam alaykum kwa wanaoitikia hivyo, Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hivyo, na wengine wote hamjambo. Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu mliofunga biashara mapema alasiri hii mkaja kuketi hapa, shukrani. Nawaona na wawili watatu waliokuja kwa kuvutwa mkono. Nanyi karibuni.

Niruhusuni nianze na salamu ambayo kila mtu humu ameitamka: "Shemeji hajambo?" Mwanamume anafanya kazi na mwanamke mwenye mume. Wamezoeana. Wakikutana asubuhi, kabla ya habari za kazi anamuuliza shemeji ameamkaje. Kwa neno hilo ameshajipanga: wewe ni dada yangu, mumeo ni shemeji yangu, na nyumba yako najua ina mwenyewe. Sasa sikilizeni neno hilo linavyotoweka. Urafiki ukibadilika hakuna anayepiga mbiu. Shemeji anaacha kuulizwa. Baadaye anakuwa "huyo bwana wako". Mwisho hatajwi kabisa, ila siku aliyokosea. Anayetaka kupima urafiki wake mwenyewe na apime hapo kwanza, kabla hajapimwa na mtu mwingine.

Tuseme mapema tunaposimama, msije mkatoka hapa mkabishana tulisema nini. Hatusemi kwamba mwenye ndoa hawezi kuwa na rafiki wa jinsia nyingine. Mji huu wa Mombasa ungesimama. Bandarini watu wanafanya zamu ya usiku pamoja, hoteli za Pwani ya Kaskazini vivyo hivyo, wodini muuguzi wa kiume na wa kike wanabeba mgonjwa mmoja. Walimu wanakula mahamri na mbaazi meza moja miaka kumi. Kwa Waislamu kuna mpaka ulio wazi, kwamba mwanamume na mwanamke wasio maharimu, yaani wasio ndugu wa karibu wasiooana, wasikae faragha, na mpaka huo hatuji kuusogeza. Tunaongeza jambo moja tu. Zamani faragha ilihitaji chumba. Leo wapo watu ambao hawajawahi kuketi wawili chumbani hata siku moja, lakini usiku uliopita walikuwa faragha saa mbili nzima, kila mmoja kitandani kwake, mwenzake amelala ubavuni.

Hebu tutazame nyumba zetu za Mji wa Kale. Waliojenga walijua kupanga watu. Nje kuna baraza, hapo yeyote aketi, kahawa tungu inapita. Mlangoni kuna daka, kibaraza cha kuingilia, kisha ukumbi, anapoingia aliyekaribishwa na wenyeji. Ndani kabisa ndiyo ndani, na neno lenyewe linatosha. Rafiki wa barazani anajua kazi yako, timu yako, bei ya nyanya soko la Kongowea, na kwamba mtoto amefaulu mtihani. Rafiki wa ukumbini ameletwa na kutambulishwa, mke au mume anamjua kwa uso na kwa jina, akipiga simu mwenzako anaweza kuipokea. Wa ndani ni mmoja. Na vitu vya ndani ni vitatu: ugomvi wenu, pesa zenu na kitanda chenu. Mtu wa nje akishavipata vitatu hivyo ameingia ndani, hata kama hajawahi kukushika mkono.

Kati ya vitatu hivyo, ugomvi ndio unaofungua mlango mara nyingi zaidi. Angalieni unavyokwenda. Mume amegombana na mkewe alfajiri kuhusu karo. Anafika kazini uso umekunjamana, mwenzake anamuuliza, "Vipi leo?" Anamwaga. Anasikilizwa vizuri, kwa sababu huyu msikilizaji hana karo ya kulipa, hana mtoto mgonjwa, hajanyimwa usingizi. Jioni anarudi nyumbani, mkewe anataka kuyamaliza yale ya asubuhi, na yeye anasema yameshapita. Kweli yamepita, ila yamepitia dirisha la jirani. Mke amebaki na ugomvi nusu. Hayo yakirudiwa miezi miwili mitatu, nyumba inaonekana ni mahali pa matatizo na ofisi ni mahali pa kupumua. Hakuna aliyedanganya wala kuzini. Lakini mizani imeshalala upande.

Kwa hiyo swali tunalowapa wanandoa ni hili: nani alijua kwanza? Umehamishwa idara, mama yako amelazwa, umepata mkopo, umekataliwa kazi. Nani alijua kwanza? Ikitokea mara moja kwamba mwenzako wa kazini alijua kabla, si kitu, alikuwa karibu. Chukueni wiki 2. Kila siku kumbuka habari moja iliyokugusa, na ilimfikia nani kwanza. Mwisho wa siku 14 hesabu. Tunajua hicho si kipimo cha maabara. Lakini mtu akikuta habari 9 kati ya 14 zilianzia nje, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia.

Hesabu nyingine ni ya gari. Bwana anatoka Kilindini kwenda Mtwapa, kuna dada wa ofisini anakaa njia hiyo hiyo, anampa lifti. Ni wema, nauli si mchezo. Daraja la Nyali, Kongowea, Bombolulu, Bamburi, Shanzu, na msongamano mnaujua. Tuseme dakika 50 kila jioni. Mara siku 5 ni dakika 250, yaani saa 4 na dakika 10 kwa wiki, watu wawili, vioo vimefungwa, simu zimewekwa kando kwa sababu mmoja anaendesha. Sasa jiulizeni mume na mke wa nyumba ile wanapata saa ngapi kwa wiki bila mtoto, bila televisheni, bila simu. Urafiki wa lifti haukuwi kwa uchawi, unakua kwa saa. Dawa yake nayo ni ya saa: mpakieni mtu wa tatu, au lifti iwe siku 2 badala ya 5, au mke naye awe na siku zake za kupitiwa na gari hilo. Na nyumbani zitafutwe hizo dakika. Dakika 20 baada ya chakula cha usiku, watoto wakishalala, simu zikiwa chumba kingine. Wengi wanacheka tukisema 20, wanaona ni chache. Wakizijaribu wanagundua dakika ya 7 maneno yamewaishia. Endeleeni kuketi tu, yatakuja.

Sasa simu, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi.

Kuna wanaoamini kwamba uwazi ni kupeana paswadi. Tunasema hivi: uwazi ni kitu cha kutolewa. Ukikichukua kwa nguvu kinageuka upekuzi, na upekuzi una ugonjwa wake. Mtu anapekua leo, hakuti kitu, anatulia siku 3, kesho kutwa moyo unarudi mbio, anapekua tena. Kutokukuta kitu hakumpi amani, kunampa wazo kwamba mwenzake amejua kuficha. Qur'ani katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya na kupelelezana katika aya moja, na aliyezoea kufanya vyote viwili anajua kwa nini vimewekwa pamoja. Sheria ya nchi nayo haijanyamaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na ndoa haijatajwa kuwa inaiondoa. Sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018 imefanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa. Kwa hiyo anayesubiri mumewe alale, akaiunganisha WhatsApp yake na kompyuta ili asome kila kinachoingia, anacheza na moto wa aina mbili. Na wewe unayesomwa, fungua mipangilio ya WhatsApp, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona usichokijua, kiondoe, kisha mketi mzungumze. Kukiondoa bila kuzungumza ni kuahirisha tu.

Tena simu nyingine zina siri zisizo za mwenye simu. Muuguzi ana habari za wagonjwa, wakili ana za wateja, mwalimu ana za watoto wa watu. Huyo akikataa kukupa simu yake nzima hakuficha mwanamke. Na hata rafiki wa kawaida akikuambia ana maradhi, siri hiyo ni yake. Jibu la kumpa mwenzako lipo, na halina uongo: "Fulani ameniambia jambo lake, si langu kulisema, na halituhusu mimi na wewe." Mficha maradhi kifo humuumbua, ni kweli, lakini maradhi yenyewe yawe yenu.

Msijenge kesi kwa ishara dhaifu. Meseji za kujifuta WhatsApp mtu anaweza kuziwekea saa 24, siku 7 au siku 90, na anaweza kuziwekea mazungumzo yote mapya kwa mpigo mmoja, kwa sababu simu yake imejaa. Hiyo peke yake haina maana. Jina la uongo lina maana. Mnaijua ile ya "Fundi Stima". Nambari imeandikwa Fundi Stima, lakini siku pesa ikitumwa, meseji ya M-Pesa inarudi na jina lililosajiliwa, na fundi anaitwa jina la bibi harusi. Hapo hatuzungumzii tena urafiki. Aliyebadilisha jina alikuwa tayari anajua kuna kitu cha kufichwa, hata kama hicho kitu kilikuwa mazungumzo matupu. Ukijikuta umefika hapo, rudisha jina la mtu kabla hujalala leo, na ulieleze mwenyewe. Ukisubiri liulizwe, utaulizwa na mengine kumi.

Kueleza kuna namna. Wengi wanaharibu kwa kuchagua saa: saa 5 usiku, mtu amechoka, au pale pale meseji ilipoingia, sauti ya kwanza ni kelele. Lala nalo usiku mmoja. Kesho yake mwombe mwenzako wakati, mwambie ni nusu saa. Anza na ulichokiona kwa macho, malizia na ombi moja. Kwa mfano mke anasema: "Baba watoto, juzi na jana ulikuwa kwenye simu kuanzia saa 3 mpaka saa 4 na nusu, ukicheka, na mimi nimekaa hapa na chai inapoa. Nilijihisi kama mgeni. Nataka kujua ulikuwa ukizungumza na nani, na naomba saa hiyo iwe yetu." Amesema siku, amesema saa, amesema alichohisi, ameomba kitu kinachotendeka. Fananisha na hii: "Wewe kila siku na hao malaya wako!" Hapo mume atajibu neno "kila siku", atajibu neno "malaya", na swali la nani alikuwa kwenye simu litapotea hewani. Ukimpa mtu tusi umempa mahali pa kujifichia.

Anayeulizwa naye ana wajibu. Jibu jina. Halafu jibu mmejuana wapi. Halafu jibu mlikuwa mkizungumza nini, kwa sentensi mbili tatu. "Ni watu wa kazini tu" si jibu, ni pazia. Na usianze kwa kusema, "Huniamini?" Swali hilo limechomesha maandazi mengi.

Kutoka hapo wekeni mapatano, na yawe machache. Manne yanatosha, ukifika saba umeanza kuandika sheria za jela, na mfungwa kazi yake ni kutafuta ufa. La kwanza la wakati: baada ya saa 3 usiku rafiki wa nje anajibiwa kwa dharura tu, na dharura inasemwa kwa mwenzako pale pale. La pili la pesa. Chagueni kiwango, labda shilingi 1,000, labda 3,000, kwa jinsi kipato chenu kilivyo, ambacho zaidi ya hicho mtu hakopeshi wala hatumi kwa rafiki bila kuambiana. Pesa ina tabia ya kusema kabla ya moyo. Mara nyingi mkopo wa kwanza unaofichwa ndio siri ya kwanza. La tatu la mahali, kwamba mikutano ya wawili iwe penye watu. La nne la maneno, vile vitatu vya ndani visitoke. Mkubaliane na nani anaruhusiwa kusikia ugomvi wenu ukiwashinda: mzee mmoja, mchungaji, somo aliyemfunda bibi harusi, dada mkubwa, mtu asiyeweza kuwa mpenzi wa yeyote kati yenu. Baada ya miezi 3 mketi tena, mfute lisilofaa.

Yahusu pande zote mbili, naongeza, kwa sababu nimeona baadhi ya mabwana wakitikisa vichwa kwa nguvu kana kwamba orodha ni ya wake. Shilingi 3,000 ni shilingi 3,000.

Kuna bwana atakayesema, "Mimi huyu si rafiki, namchunguza, nia yangu nimuoe wa pili." Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya wake wengi katika ndoa za Kiislamu na za kimila, hilo halina ubishi. Lakini basi hiyo ni posa, na posa ina mlango wake na watu wake. Usiipitishe kwenye lifti ukaiita urafiki.

Na wale wa grupu za waliosoma pamoja. Zina furaha yake, zinachangia misiba, zinakumbusha majina ya walimu. Shida haianzi kwenye grupu, inaanza dakika mtu anapotoka kwenye grupu kwenda pembeni na mtu mmoja: "Umebadilika lakini! Unakumbuka ile siku kule baharini Mama Ngina?" Mtu wa zamani ana faida isiyo haki. Anakukumbuka una miaka 17, hajakuona ukikoroma. Kaa kwenye grupu.

Waliotenganishwa na kazi wana mtihani wao. Mombasa ni mji wa mabaharia, na siku hizi ni mji wa mama na dada walio Ghuba. Riyadh na Doha saa zao ni zile zile za hapa, Dubai iko mbele kwa saa moja tu, kwa hiyo tofauti ya saa isiwe kisingizio. Tatizo ni mwajiri, zamu na bando. Wekeni siku 3 za wiki zenye saa maalumu, hata dakika 15, na sauti iliyorekodiwa siku nyingine. Aliyebaki nyumbani ataje watu wanaoingia kumsaidia: nani aliyerekebisha bomba, nani aliyempeleka mtoto hospitali usiku. Ataje kabla majirani hawajataja. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na likifika Jeddah likiwa limebebwa na mdomo wa wifi, limeshaota mbawa.

Ikiwa urafiki umevuka mpaka na unataka kuurudisha barazani, usipotee ghafla kama mdaiwa. Mtu wa kazini utamwona kesho. Andika maneno mafupi, bila lawama, bila mlango wa kuchungulia: "Kazi tutaendelea kama kawaida. Mazungumzo ya binafsi nimeyafunga, na simu za usiku pia. Mke wangu anajua nimekuandikia." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofunga. Bila hiyo mmeanza siri mpya, siri ya kuachana. Atakayejibu kwa mafumbo asijibiwe kwa mafumbo. Akiandika tena, mwenzako aambiwe siku ile ile.

Pale ambapo uaminifu umeshavunjika kweli, hesabu inabadilika. Aliyevunja ndiye anayetoa simu, kwa hiari, kwa muda uliokubaliwa, tuseme miezi 6, na ndiye anayesema ratiba kabla hajaulizwa. Aliyeumizwa ana haki ya kuuliza. Wekeni saa ya maswali, nusu saa, mara 2 kwa wiki, ili maswali yasifike saa 8 usiku kila siku. Uliza lini, wapi, kwa muda gani, pesa ngapi. Mambo ya kitandani msiulizane kwa undani, picha hiyo ukishaipata huifuti. Mkishindwa, Surat An-Nisaa aya ya 35 inataja mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Mmoja na mmoja. Haikutaja marafiki kumi wa kike, wala kuandika kwenye leso.

Na kuna jambo ambalo halihusu urafiki hata kidogo, ila huvaa nguo zake. Mtu anayemzuia mwenzake kufanya kazi, anamnyang'anya kitambulisho, anamfuata kila aendako, anampiga kwa sababu amesalimiwa na jirani, huyo asijiite mwenye wivu wa mapenzi. Sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015 imeyataja: kumwandama mtu, kumtesa kiakili, kumnyima uchumi wake, hata wakwe kuingilia ndoa. Wanaoishi hivyo hawahitaji mapatano manne, wanahitaji usalama kwanza. Nambari ya msaada 1195 inapigwa bila malipo, usiku na mchana. Iandikeni mikononi kama hamtaki ionekane kwenye simu.

Sasa ni zamu ya maswali. Asiyeweza kusimama mbele ya watu aandike kwenye vile vikaratasi mlivyopewa mlangoni, bila jina, dada yule mwenye kikapu atapita kuvikusanya. Na nyinyi mliokuja wawili, msichunguliane mnachoandika.